Mstari wa Dafrosa Haukupinda

Dafrosa naye alishangilia. Hilo hakulikana hata siku moja. Zilikuwa zimebaki dakika tano, timu yao ya Nyuki ya Ntalikwa iko nyuma kwa bao moja dhidi ya vijana wa Gongoni, Shilinde akafumua shuti likagonga mwamba, mpira ukadunda chini, kipa akaukumbatia. Mikono ya Dafrosa ilikuwa juu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha akatazama chini. Alikuwa nyuma ya nyavu, hatua tatu tu kutoka pale, na alichokiona kikamshusha mikono. Alama ya mpira ilikuwa katikati ya chokaa, vumbi jeupe limetawanyika huku na huku. Mpira uliangukia juu ya mstari. Haukuvuka. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee, na Nyuki wakatolewa nusu fainali ya kombe la kiangazi.

Mstari ule aliuchora yeye mwenyewe. Baba yake, mzee Eliya, alikuwa fundi mwashi, na tangu utotoni alimfundisha kupata pembe kwa kamba na vigingi: tatu huku, nne kule, tano ya kufunga. Alipoolewa na Xavery, aliyeanzisha timu ya Nyuki, alikuta uwanja una mistari ya kuparura kwa jembe, imekwenda upogo kama njia ya mbuzi. Akaifuta yote. Xavery alifariki miaka sita iliyopita, watu wakadhani mjane atabaki na shamba lake la karanga. Lakini kila siku ya mechi, umande haujakauka, Dafrosa alikuwa uwanjani na kopo lake la chokaa lenye matundu. Wachezaji wageni waliwahi kupiga picha mistari yake.

Jumapili baada ya misa hakuna aliyezungumzia mahubiri. Kwa Levina, muuza chai wa njia panda, watu walikunywa wamesimama kwa kuwa mabenchi hayakutosha. Wapo walioapa kwamba mpira ulivuka kwa futi nzima, na wapo waliosema nusu ya mpira ilipita, na nusu ni goli. Mmoja alikuwa na video kwenye simu, ikapita mkono kwa mkono. Ilionyesha visogo vya watu na kona ya mwamba. Hata hivyo kila aliyeitazama aliona goli humo. Simu ilipomfikia Dafrosa, aliipitisha kwa jirani, akanywa chai yake. Timu ilikuwa yake pia, na kidonda cha kutolewa kilimuuma kama wengine.

Jumatatu wakaja nyumbani kwake watu wawili. Mmoja alikuwa shemeji yake Anselm, mdogo wa marehemu Xavery, ambaye sasa ni mwenyekiti wa Nyuki. Wa pili alikuwa Lugembe, katibu wa timu, kijana mpole anayeandika mwandiko mzuri. Lugembe akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa rufaa. Dafrosa aliisoma polepole mpaka alipofika aya ya tatu, akarudi akaisoma tena. Iliandikwa kwamba mstari wa goli ulikuwa umepinda, na kwamba mchoraji wake amekiri kosa hilo. Kanuni za kombe zilisema uwanja ukiwa na kasoro, mechi hurudiwa.

"Inahitajika sahihi yako tu, shemeji," Anselm alisema.

"Sahihi yangu iseme nini? Kwamba sijui kazi, au kwamba mimi ni mwongo? Chagueni moja."

Anselm akacheka kidogo, akamwambia hakuna anayemtukana, ni chokaa tu, Jumamosi nyingine atachora mstari mwingine. Timu ndiyo kubwa. Kisha akaongeza neno ambalo angelimeza kama angejua: "Kaka angekuwa hai angeelewa."

Dafrosa alisimama. Alikuwa ameishi na Xavery miaka ishirini na mitatu, na alijua mtu yule alivyowahi kumtoa nje mchezaji wake mwenyewe aliyejiangusha kutafuta penalti. Alikunja karatasi, akairudisha kwenye mkono wa Lugembe, si wa Anselm, akasema, "Kaka yako angeichana. Mimi nawarudishia ili muichane wenyewe."

Hawakuichana. Jumatano asubuhi Levina alimnong'oneza kwamba rufaa imeshapelekwa, aya ya tatu iko vilevile, ila mahali pa sahihi pameandikwa "kwa niaba". Dafrosa hakumaliza chai. Alipitia nyumbani, akachukua kamba na vigingi, akaenda moja kwa moja kwenye darasa ambamo kamati ya kombe ilikuwa inakaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Advera, mwalimu mstaafu, mwanamke asiyepandisha sauti. Anselm alikuwa anaeleza jinsi mstari ulivyoingia ndani upande wa kushoto kwa kiganja kizima. Dafrosa akaomba ruhusa ya kusema. Hakusema mengi. Uwanja uko hapo nje, mvua haijanyesha, twendeni tukapime.

Wakatoka wote, na mashabiki waliokuwa madirishani wakafuata. Alifunga kamba nguzo kwa nguzo, akaivuta mpaka ikalia. Chokaa ilikuwa imefifia, ng'ombe walikuwa wamepita sehemu mbili, lakini palipobaki weupe, weupe ulikaa chini ya kamba bila kutoka hata upana wa kidole. Advera aliinama akatazama kutoka nguzo ya kulia, kisha ya kushoto. Akamwomba Anselm naye atazame. Anselm akasema haoni vizuri, jua liko machoni.

"Ulisimama wapi siku ile?" Advera akamuuliza Dafrosa.

"Nyuma ya lango hilihili."

"Mpira ulivuka?"

Watu wa Ntalikwa wote walikuwa wanamtazama, wengine aliwapokea yeye mwenyewe siku walipozaliwa. "Uliangukia mstari," alisema. "Haukuvuka."

Advera akawasomea kanuni: mpira mzima uvuke mstari mzima. Rufaa ikatupwa.

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Alipokwenda kisimani mazungumzo yalikatika. Mtu asiyejulikana aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa duka kwamba Gongoni wana mchezaji wa kumi na mbili, naye ni mjane. Siku ya tatu Shilinde alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza mlangoni, akasema kwa aibu kwamba siku ile hata yeye aliona haukuvuka. Alidhani atamfariji. Dafrosa akamuuliza:

"Ulikuwepo tulipopima?"

"Nilikuwepo, mama."

"Basi ungesema kule. Hapa mlangoni kwangu unanisaidia nini?"

Shilinde akaondoka bila kukaribishwa maji. Dafrosa alilia kidogo baadaye, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na tangu siku hiyo hakukanyaga uwanja. Mechi mbili za kirafiki zilichezwa kwenye mistari ya majivu aliyoichora Anselm mwenyewe, na waamuzi wote wawili walilalamika.

Mwezi ukapita. Kwenye mkutano wa wanachama, Dafrosa alikwenda akakaa mbele. Lugembe ndiye aliyeomba jambo lile lizungumzwe. Alisema ni yeye aliyeandika "kwa niaba", aliambiwa aandike, na usingizi haumjii vizuri. Anselm akasimama, akakohoa, akasema kama kuna mtu yeyote alikwazika katika suala zima la rufaa, basi uongozi unaomba radhi. Akataka kukaa.

"Hakuna cha kama," Dafrosa alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mtu yupo, na ana jina."

Anselm alibaki amesimama. Aliutazama ukumbi, hakupata wa kumsaidia. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini lakini ilisikika mpaka nyuma, kwamba Dafrosa hakukiri kosa lolote, kwamba maneno yale yalitungwa, na kwamba mstari ulikuwa mnyoofu.

Dafrosa akaitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, na hakumpa mkono. Akasema akipata chokaa mfuko mmoja atakuja Jumamosi. Nyuma ya ukumbi wazee wawili walikuwa wameshaanza upya: mstari sawa, haukupinda, lakini nusu ya mpira je?