Nilivyorudi Songea Kupima Gunia

Sikuondoka Dar es Salaam kwa kupenda. Niliondoka kwa sababu profesa wangu aliisukuma rasimu ya tasnifu yangu hadi ukingoni mwa meza, akauliza, "Oktavia, wafanyabiashara wa kwenu wanatoa sadaka?"

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya uchumi wa kimataifa na fedha. Niliandika juu ya bei za mahindi tangu soko lifunguliwe na watu binafsi waruhusiwe kununua vijijini. Bei za Songea nilizipata kwa barua za shangazi yangu Skolastika, mkulima wa Matogoro, aliyeniandikia kila mwezi gunia limenunuliwa kwa shilingi ngapi. Kwa hesabu zangu, bei ya gunia Songea na Dar es Salaam ilikaribia kuwa moja. Sasa nani angepakia mahindi kwenye lori, alipe dereva na mafuta njia yote ile, halafu asipate kitu? Profesa alinipa wiki mbili za kutafuta jibu. Bila jibu tasnifu isingepokelewa, na ufadhili wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule.

Saa kumi na mbili asubuhi basi likaondoka. Morogoro, Mikumi, Iringa, kote huko nilikuwa na daftari mapajani, nikirudia hesabu zilezile na kupata kosa lilelile. Nilijikasirikia. Kushuka kwa thamani ya shilingi niliweza kuelezea bila kupumua, leo nashindwa na mahindi!

Njombe tulifika jioni, springi moja imekatika, dereva akatutangazia kwamba tunalala hapo. Mama mwenye gesti aliniletea chai ya moto na blanketi la pili.

"Unasomea nini, mwanangu?"

"Uchumi wa kimataifa, mama."

"Huu wa hapa mmeshaumaliza?"

Nilicheka, ila usingizi ulichelewa kuja.

Asubuhi ya pili tulizishuka kona za Lukumburu ndani ya ukungu. Kufika Madaba jua lilikuwa limetoka, na malori ya mahindi yalikuwa yakitupita yakielekea tulikotoka. Niliona magunia yamevimba juu, nikafikiri yamefungwa ovyo tu.

Saa saba mchana nilikuwa Matogoro, mbele ya baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Bado."

Baba alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka mingi, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na magari yao na chama kikabaki na ghala tupu. Hakuna aliyemdai ufunguo, kwa hiyo ulining'inia ukutani kwetu, karibu na rozari, na kila Jumamosi alikwenda kuipaka mizani mafuta. Tulipokuwa tunakula ugali na dagaa wa Nyasa nilimweleza shida yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Gunia gani?" akauliza.

"Gunia, baba. Gunia ni gunia."

Alicheka hadi akaliweka tonge chini. "Ulipokuwa unakua hapa, gunia lilikuwa langu. Kilo mia, basi. Siku hizi lina wenyewe. Kesho twende kwa shangazi yako."

Kwa shangazi Skolastika tulikuta magunia manane yakisubiri mnunuzi. Kila moja lilijazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kichwa cha mahindi juu, kikashikiliwa kwa wavu wa kamba ya katani.

"Ndiyo lumbesa hiyo," alisema. "Mnunuzi asipoiona anapita zake. Wewe uliniuliza bei tu, mwanangu. Ukubwa hukuniuliza."

Nilitamani kujifunika kanga usoni. Mtoto wa karani wa mizani!

Baba na jirani mmoja waliileta mizani kwa mkokoteni. Kwanza baba aliijaribu kwa mawe yake ya chuma, mara tatu, hata nilipomsihi aharakishe. Ndipo gunia la kwanza likapandishwa. Alisubiri mkono wa mizani utulie, akasoma, "Mia na ishirini na nane," akaandika kwenye daftari lake, kisha akaita kwa sauti ileile ya utotoni mwangu: "Sawa. Shusha!"

Hakuna lililokuwa chini ya mia na ishirini. Shangazi aliweka mikono kichwani. "Kumbe kila gunia ninampa debe zima la bure!"

Mnunuzi alifika tukiwa kwenye gunia la saba. "Mzee, mizani hiyo imeshastaafu."

"Imestaafu," baba alisema, "haijawa kipofu."

Shangazi alimuuzia hata hivyo, maana hakuwa na mwingine wa kumuuzia, ila magunia mawili aliyafumua vichwa kwanza, mbele ya macho yake.

Katika basi la kurudi nilipiga hesabu upya, kwa kilo badala ya gunia, maana gunia la Dar es Salaam lilikuwa kilo mia kamili. Pengo la bei likafunguka wazi, na nikacheka peke yangu hadi jirani yangu wa kiti akaniuliza kama niko mzima. Nilifurahi, kisha nikaona aibu ya kufurahi, kwa sababu pengo lililoniokoa lilikuwa limetoka shambani kwa shangazi.

Profesa alisoma jedwali jipya. "Nani alipima?"

"Karani wa mizani wa Matogoro. Baba yangu."

"Mwandike humu."

Nilimwandika, na tasnifu ikapokelewa. Tangu hapo nikiletewa bei yoyote, ya kahawa au ya dola, kwanza nauliza gunia gani.

Krismasi nilimpelekea baba nakala yenye jalada gumu. Kiingereza hajui, akaniomba nimfungulie penye jedwali tu. Akalichukua daftari lake, akaanza kulinganisha, kidole kwenye kitabu, kidole kwenye daftari, gunia kwa gunia. Nilisimama pale nikiogopa kuliko siku ya kumkabili profesa. Alipofika la nane alivua miwani.

"Sawa," alisema. "Shusha."