Faili Lenye Mluzi wa Baba

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa hili: nikiiruhusu Windows ikague diski, je, italiona lile faili kubwa limeharibika na kulikata vipande?

Ndani ya faili hilo kulikuwa na Linux nzima, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Chuoni wenzangu waligawa diski zao ili kuiweka. Mimi niliogopa kufuta kitu, nikaiweka kama faili moja ndani ya diski ya Windows. Kompyuta ikiwaka, nachagua, nayo inaamkia humo, kama mgeni aliyepewa chumba bila ukuta kuvunjwa. Likizo moja huku nyumbani Nkololo nilimrekodi baba akiita ng'ombe. Kila dume alimwita kwa mluzi wake. Rekodi ikabaki humo, sikuinakili popote. Nilidhani muda upo.

Baba amefariki. Ng'ombe waligawanywa kwa ndugu, na zizini sasa pameota mahindi. Siku niliyotaka kumsikia, kabla sijaingia Linux, niliacha Windows wazi nikaenda kuchota maji. Mama, ambaye msimu wa pamba hufunika kila kitu kwa sababu ya vumbi, akafunga kifuniko cha kompyuta na kuitandikia kitambaa. Haikuzimika. Ililala ikiwa imeshikilia diski, mpaka chaji ikaisha. Nilipoiwasha na kuchagua Linux, ikagoma kwa kuwa diski haikufungwa vizuri. Nilipochagua Windows, ikaomba ruhusa ya kukagua.

Flashi yangu ni ndogo, faili lisingeenea hata nikitaka kulinakili kwanza. Fundi wa Bariadi mjini alitaka kufuta yote aanze upya. Nilimpokonya kompyuta yangu nikaondoka.

"Kwani nimekosa nini?" mama aliniuliza asubuhi, akichambua pamba. "Sufuria nikifunika, chakula kinaharibika?"

"Hapana, mayu. Si kosa lako."

"Basi unaogopa nini?"

"Nikikosea, sauti ya baba inapotea."

Alitoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa. "Sasa hivi unaisikia?"

"Hapana."

"Na mimi siisikii. Wiki nzima umekaa na hiyo mashine kama kuku aliyeatamia jiwe. Mimi nataka kumsikia, mwanangu."

Nilikuwa na hoja nyingine tatu za kusubiri. Nilichomeka chaja, nikahakikisha umeme upo, nikabonyeza kukubali. Kwenye kioo ikaandikwa asilimia moja, na mama akasogeza kigoda karibu.