Bibi wa Ibra kwenye Ufukwe wa Wagaeli

Amefariki jirani yangu wa hapa Ibra, Omani, mkunga mstaafu aliyezaliwa Unguja, na tangu nipate habari namwona akitembea miguu mitupu kwenye mchanga mweupe wa kisiwa cha mbali huko Skotlandi. Mwanawe, daktari wa huko, alimwalika mama yake mwaka mmoja wakati wa joto, nami nikafuatana naye maana hakutaka kusafiri peke yake. Wenyeji wa kisiwa kile wana lugha yao ya asili, Kigaeli, japo Kiingereza kinaimeza. Ufukweni hapakuwa na mtu ila bibi mmoja na mjukuu wake wa kike. Bibi akisema kwa Kigaeli, mtoto hujibu kwa Kiingereza. Jirani yangu akasimama, abaya inampepea. "Umesikia? Yamemkuta yangu! Mimi Kiswahili, wajukuu Kiarabu. Hebu kamuulize, haimuumi?" Niliona haya, lakini nikauliza kwa Kiingereza. Yule bibi alimtazama mwenzake, machozi yakamlenga. "Inaniuma," alijibu. "Lakini nikinyamaza mimi, hata kuelewa hataelewa." Nilipomfasiria, jirani yangu alitoa mkobani halua ya Nizwa, wakaketi mchangani wakala pamoja, wameshikana mikono, hakuna ajuaye lugha ya mwenzake.

Kabla ya safari ile alikuwa amekata tamaa, nyumbani anasema Kiarabu tu. Tuliporudi akakirudia Kiswahili chake. Wajukuu walimcheka: "Bibi, sema Kiarabu, bas!" Naye akawaambia, "Mimi nasema hivi, wanangu. Nyinyi jibuni mnavyoweza." Miaka ikapita hivyo, siku nyingine akilia jikoni kwangu kwamba anasema na kuta. Juzi nilipokwenda matangani, mjukuu wake mkubwa alinipokea mlangoni, macho mekundu. "Shikamoo, shangazi. Karibu. Kaa hapa, egemea mto hii. Bibi alikupenda sana." Ngeli ilikwenda upogo, nami sikuisahihisha. Nilimkumbatia, tukalia sote wawili.

Twapenda kuwaambia vijana kwamba mwacha asili ni mtumwa, na wengi wetu ndio tulionyamaza kwanza, kwa uchovu au kwa kuogopa kuchekwa. Mtoto anayekosea ngeli bado anasema. Basi na tuseme nao, wacheke, wakosee, wajibu nusunusu. Mungu amrehemu jirani yangu: alisema mpaka akajibiwa.