Vema Themanini na Nne

Shangazi yangu amefundisha hesabu miaka ishirini na saba, na hajui kukaa. Kiti cha darasani kwake ni cha kuwekea madaftari. Kisigino kilipoanza kumuuma, akawa anaamka asubuhi na kuchechemea hadi msalani akishika ukuta, alivumilia mwaka mzima kwa ubishi tu.

Hatimaye nikamburuta hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole aliyeajiriwa karibuni, akampa karatasi: kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kujiinua kwa vidole kwenye ngazi, kila siku kwa wiki kumi na mbili. Ukimaliza, unaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha siku hiyo.

Shangazi hakufanya hata siku moja. Kila Jumapili alijaza vema saba chapuchapu, yeye anayewatoa watoto darasani kwa kunakili. Nilimwona. Nilicheka, tena nikamwazima kalamu. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Siku ya kurudi, binti aliikagua karatasi, akaminya kisigino. Shangazi akaruka.

"Mwalimu, wewe umejitahidi. Mimi ndiye niliyekosea," binti akasema. "Kuna mashine ya mawimbi, inagonga kisigino kwa nguvu. Inasaidia baadhi ya watu, hasa mazoezi yakishindwa. Mimi nilikuwa naamini mazoezi kwanza, lakini uliponipigia simu juzi ukaniambia umemaliza wiki zote na hujapata nafuu, nilivunjika moyo. Hata mgonjwa wangu mwingine wa kisigino, mpishi wa bweni, nimemwambia aache mazoezi, asubiri mashine. Yuko hapo nje, anapangiwa siku."

Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akaokota kiatu chake.

"Mwanangu, nimekudanganya. Sikuyafanya hata mara moja."

Binti aliendelea kuitazama karatasi.

Shangazi akatoka kiatu kimoja mkononi, akamkuta mpishi kwenye benchi, akamweleza yote mbele ya watu. Yule baba alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mazoezi yanafaa?"

"Sijui, ndugu yangu. Mimi sikuyajaribu. Wewe je?"

"Nilikuwa nimeanza kukanyaga vizuri asubuhi," mpishi akasema. "Niliposikia kuna mtu kamaliza wiki zote na hajapona, nikaona najidanganya tu, sikumwambia binti kitu. Na foleni ya mashine ni miezi minne, jikoni hawawezi kunisubiri. Leo asubuhi nimeacha kazi."