Modem Sabini na Moja za Ramlo Warsame

Saa mbili asubuhi, vumbi la soko la mifugo la Griftu halijainuka bado. Ramlo Warsame anafungua mlango wa bati wa saiba yake ya mtandao, anawasha kompyuta, anapima laini. Kisha anatoka na chaki, anaandika kwenye ubao wa nje: LEO MODEM NUSU.

Wapita njia husoma ubao huo kama mtu anayechungulia kisima kabla ya kushusha ndoo.

"Ramlo, modem yako ni kama ngamia ya serikali," anamtania Bare, mchuuzi wa mbuzi. "Kwa karatasi iko mingi, maziwa hakuna."

"Wewe una barua ya kutuma?"

"Mimi natuma mbuzi, wallahi. Mbuzi haikwami katikati."

Siku nyingine Ramlo, mwenye miaka hamsini na sita, angemjibu mpaka soko zima licheke. Leo anarudi ndani. Idman Siyad, msichana wa fomu za chuo, amekwisha kufika, bahasha iko magotini.

Mwaka 1999 Ramlo alikuwa karani wa shirika moja mjini Wajir. Huko ndiko alikoijua modem, kijisanduku kilichopiga simu kwa waya huku kikilia kama ndama aliyetengwa na mama yake. Kasi yake ilikuwa kilobiti hamsini na sita kwa sekunde.

"Pale ndipo nilipojifunza kungoja," anasema. "Ukiniambia megabiti, haziniingii. Niambie modem, nitakwambia utakunywa chai vikombe vingapi kabla barua haijafika."

Kwa hiyo kila kasi huigeuza kwanza. Kampuni ya mtandao humuuzia megabiti nne kwa shilingi elfu tatu kwa mwezi. Ukigawanya kwa hamsini na sita, hizo ni modem sabini na moja na kitu. "Sabini na moja nimelipa. Siku njema kabisa, zinakuja tano."

Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza mwaka jana.

Idman alikuja na fomu za chuo cha uuguzi, kurasa kumi na nne zilizopigwa skani, megabaiti ishirini na moja. Ilikuwa siku ya mwisho, na saa kumi na moja jioni chuo kingefunga kupokea maombi. Laini ilikuwa modem moja kamili. Ramlo akagawanya, akapata dakika sita.

"Nikamwambia, nenda kaswali Alasiri kwa utulivu, mtu wa dakika sita hana haraka. Nikasahau kuwa laini huhesabiwa kwa biti na faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Hazikuwa dakika sita. Zilikuwa hamsini."

Walianza saa kumi na nusu. Nusu saa haikutosha.

Baba yake Idman alimpa mwaka mmoja wa kujaribu tena. Akikosa, atakwenda Buna kwa ami yake, kulea mbuzi na watoto wa watu. Mwaka huo unakwisha leo, saa ile ile ya kumi na moja.

Muhuri wa daktari, uliohitajika kwenye fomu, ulipatikana jana jioni. Gari la Wajir, ambako laini ni nzuri, liliondoka alfajiri, na Idman alitaka kulipanda. Ramlo ndiye aliyemzuia. Hata kwa nusu modem, alimwambia, ni saa moja na dakika arobaini, na siku nzima iko mbele yao. Safari hii alizidisha kwa nane, akarudia mara tatu.

Saa nne asubuhi, kurasa zote zikiisha kupigwa skani, wanaanza. Faili inapita nusu, laini inakatika. Tovuti ya chuo haihifadhi kilichokwisha kufika. Wanaanza upya, inakatika tena.

Saa saba mchana imebaki robo modem. Ramlo anaandika kwenye kiganja: dakika mia mbili. Watamaliza saa kumi na dakika ishirini.

"Inatosha, eeddo?" anauliza Idman. Eeddo ni shangazi.

"Inatosha, inshallah. Usiguse hata meza."

Hawali. Wanaswali kwa zamu. Mteja akija, anaonyeshwa mlango kwa kidole tu.

Saa kumi na dakika tano, asilimia tisini na mbili, laini inakatika.

Zimebaki dakika hamsini na tano. Modem moja kamili ingetosha. Ramlo anapima, anapima tena. Robo.

Idman anakusanya karatasi zake taratibu, anazipanga kwa namba kama zilivyokuja.

"Eeddo, usilie," anasema. "Leo umehesabu vizuri."

Ramlo anachoweza kukisema ni cha mwakani. Ameamua kwamba fomu yoyote yenye siku ya mwisho haitapita kwenye laini yake. Ataikusanya kwenye flashi na kupanda gari la Wajir mwenyewe, siku tatu mapema, nauli juu yake. "Flashi mfukoni haikatiki," anasema. Flashi yenye faili ya Idman ameomba abaki nayo mpaka mwakani. "Baba yake nitamwendea kesho, nimwombe mwaka mwingine. Sijui kama atanifungulia."

Saa kumi na moja na nusu, kabla ya kuzima mashine, anapima laini kwa mazoea. Modem tano. Faili ya Idman ingepita kwa dakika kumi.

Anaichukua chaki, anasimama mbele ya ubao, kisha anairudisha mfukoni na kufunga mlango.