Kura ya Mahindi na Maharagwe

Wueh! Wasomaji wangu, bado nimeshika mdomo. Jumamosi tulikuwa na mkutano wa uchaguzi wa kamati ya maji hapa Kikima. Miaka tisa mimi ndio mwenyekiti. Siku ya uchaguzi watu wanapanga laini nyuma yangu, basi, imeisha.

Msichana wa jirani yangu, ako na digrii kubwa, amepewa tuzo ya wasomi wachanga wanaochunguza demokrasia. Nilimpigia vigelegele hapo mkutanoni mpaka mbuzi zikatoroka. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwani uliandika nini?"

Akaangalia viatu. "Anti, niliandika juu ya laini yenu."

"Laini yetu ina makosa gani?"

"Watu waliniambia wanasimama kwako juu ya uoga. Mtu akienda laini ingine, unamcheka mpaka kanisani."

Nikacheka, ha! Nikajisikia niko peke yangu. Akina mama wote wanaangalia chini.

"Haya, tupige kura ya siri!" nikasema na kiburi. Mahindi ni mimi, maharagwe ni mama wa duka la mbolea, mwenye anataka kiti changu. Kila mtu akaangusha punje moja kwa kibuyu, mkono umefunikwa na leso.

Wakamwaga kwa meza. Maharagwe ilikuwa ya kujaza sufuria. Mahindi, mbili!

Moja ni yangu. Hiyo ingine nimetafuta mwenye aliiangusha wiki nzima, nimwambie tu asante. Msichana ananikemea, "Anti, wachana na yeye. Sasa yeye ndio anaogopa hao wengine, vile walikuogopa wewe."