Siku Niliyolikalia Pipa la Gesi

Jamani, kuna aibu unaweza kuificha na kuna aibu ambayo mtaa mzima ulikuwepo unatazama, na hii yangu ni ya aina ya pili, kwa hiyo bora niwasimulie mie mwenyewe kuliko mkaisikie kwa Bi Mwajuma, maana yeye akisimulia ananiigiza mpaka kutembea.

Enzi zile za kujitegemea kila mtu alihimizwa afuge au alime, na mie karani wa ghala, mtu wa bara nisiyejua hata kukwea mnazi, nikafuga nguruwe nyuma ya nyumba yangu Mwananyamala. Nguruwe wenyewe hawakuwa na neno. Neno lilikuwa mavi yao (samahani kwa mnaokula). Masika ikianza yanatiririka moja kwa moja mpaka uani kwa jirani yangu, huyo Bi Mwajuma, mama wa Kilwa, mtu wa swala tano na usafi wake. Alivumilia, akachoka, akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mahadhi, na mzee akaniita.

“Karani, mie sigombani na kitoweo chako,” akasema. “Lakini uchafu huu ukivuka tena kwa mwenzio, nguruwe watoke.”

Nguruwe hao ndio walionijengea ile nyumba, na bado upande mmoja haukuwa na bati. Nikamfuata fundi mmoja rafiki yangu, akanifundisha: nichimbe shimo, nilisakafie kwa saruji, mavi yote yaingie humo na maji, halafu juu yake nifudikize pipa la mafuta ya gari. Mavi yakichacha yanatoa gesi, gesi inalinyanyua pipa, na mpira unaipeleka jikoni. Uji unaobaki ni mbolea. Nikafanya, na kweli jiko likawaka! Kwa furaha nikamwalika balozi na mtaa mzima waje waone mavi ya nguruwe yakichemsha chai.

Siku ya siku nikavaa suti yangu ya kijivu ya mikono mifupi, ile ya kufananafanana na wakubwa. Watu wakajaa. Bi Mwajuma akasimama mbali, kanga puani.

“Shikamoo Mzee, karibu, chai inakuja.”

“Marahaba. Moto nitautazama,” akajibu Mzee Mahadhi, “chai nitakunywa kwangu.”

Nikawasha jiko, nililolitoa uani karibu na pipa ili wote waone. Kikatoka kimoto cha buluu, kidogo kama cha kibatari, birika likakaa kimya, watu nao wakaanza kukohoa kwa maana. Fundi alishaniambia moto ukiwa mdogo niweke jiwe juu ya pipa, lisukume gesi. Jiwe lilikuwepo, pale ukutani, lakini nikaona kulibeba nitachafua suti (hebu oneni akili hiyo!), nikaamua kulikalia pipa mwenyewe.

“Baba Anna, usikae hapo,” mke wangu akaninong’oneza.

Nikakaa. Moto ukaruka juu, watu wakapiga makofi! Nikanyanyuka kidogo nishukuru, moto ukanywea. Nikakaa, ukapanda. Basi nikalazimika kuhutubia nimekaa kama kuku anayeatamia, kumbe kila neno pipa linazama taratibu na mie nazama nalo.

“Ongeza kidogo, Karani, birika linaanza kuimba!” balozi akasema, naye kashanogewa.

Nikajirusha. Pipa likapinda upande, likajamba (sina neno lingine), likanimwaga chali shimoni mpaka mabegani.

Nilipoibuka nikanyoosha mkono nivutwe, na mtaa wote ukarudi nyuma. Watu niliokula nao pilau! Nikatoka kwa kutambaa, nikakimbilia bombani, kina mama wa foleni wakanyanyua ndoo na kunizuia: “Hapana, shemeji, hapa tunateka maji ya kunywa!”

Nikabaki katikati ya njia, natiririka, sina pa kwenda. Aliyeniokoa ni Bi Mwajuma. Alikuja na maji yake mwenyewe na kata ya mpini mrefu.

“Simama hapohapo, mwanangu. Usinisogelee. Geuka.” Akanimwagia, akaniambia nijisugue na mchanga, akanimwagia tena, huku machozi ya kicheko yanamtoka. “Leo ndiyo umeyaonja yale yaliyokuwa yakinijia mie kila masika.”

Mzee Mahadhi akakata shauri siku hiyohiyo: pipa libaki, maana hata kinyesi cha ng’ombe kingeweza kulilisha, lakini nguruwe wahamie Chamazi, ambako wakati huo kulikuwa mashamba matupu. Nikawahamisha na kuwachimbia shimo jipya huko, na bati la upande ule likachelewa sana.

Tangu hapo fundi akiniambia jiwe, naweka jiwe. Na suti siendi nayo bandani, hata aje nani.